Mizani haijasogea, suruali hazifungi

SWALI: Nina miaka 41 na ugonjwa wa kurithi wa kudhoofika kwa misuli ya nyonga na mabega. Hatua chache natembea na mkongojo, safari ndefu kiti mwendo. Nina urefu wa sentimita 170, na miaka mitano sasa nina kilo 68 zilezile. Kliniki wanasema niko sawa. Mbona suruali hazifungi? Rafiki yangu ananihimiza ninyanyue vyuma.
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu, iamini suruali. Misuli ikisinyaa mafuta huchukua nafasi yake, na mizani haijui kutenganisha hivyo viwili. Uwiano wako wa uzito kwa urefu ni 23.5, "kawaida" ya kwenye karatasi tu. Chukua tepu ya fundi cherehani, ipitishe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, toa pumzi bila kubana tumbo, usome. Ikifika sentimita 94, omba kupimwa sukari na lehemu. Siku utakaposhindwa kusimama, tumia mizani bapa ya magunia: pimwa ukiwa kitini, kisha toa uzito wa kiti.

Vyuma vizito achana navyo. Kinachoumiza zaidi ni kuushusha mzigo, au kuteremka ngazi: msuli unakaza huku unavutwa, na utando wa seli zake ambao tayari ni dhaifu huchanika. Pima moyo kwanza, ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na ultrasound, kwa sababu baadhi ya aina za ugonjwa huu huushika. Ukiruhusiwa, endesha baiskeli ya mazoezi isiyo na ukinzani mkubwa dakika 10, mara tatu kwa wiki, kwa kasi ambayo bado unaweza kuongea. Ukijikuta dhaifu zaidi nusu saa baadaye, au maumivu yakivuka saa 48, umezidisha, punguza. Mkojo ukiwa mweusi kama kola, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Mezani, punguza ugali na sukari ya chai, lakini usipunguze samaki, mayai wala maharage. Usishuke zaidi ya nusu kilo kwa wiki: anayejinyima ghafla hupoteza na misuli, na wewe huna ya akiba.

Jambo moja la maabara tunaliona likiwasumbua wengi. ALT na AST, vimeng'enya vinavyopimwa kuangalia ini, hutoka pia kwenye misuli, hivyo zikiwa juu usikubali kuambiwa ini limeharibika kabla hujapimwa CK (kimeng'enya cha misuli) na GGT (cha ini, si cha misuli). Kreatinini nayo, taka ya misuli inayopimwa kuangalia figo, kwa mwenye misuli michache husoma vizuri hata figo zikiwa zimechoka. Mwombe daktari kipimo cha sistatini C, cha figo kisichotegemea misuli.