Jibu: Chamberlain alikuwa jenerali pale Gettysburg?

Mkuu, umeuliza kama Joshua Chamberlain alipigana Gettysburg, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, akiwa jenerali. Hapana. Tarehe 2 Julai 1863 alikuwa kanali wa kikosi cha 20 cha jimbo la Maine, kushoto kabisa mwa jeshi la Kaskazini, pale kwenye kilima cha Little Round Top. Risasi zilipokaribia kuisha akaamuru askari wake washambulie kwa singe (visu vya bunduki). Shambulio lilifaulu pia kwa sababu Waalabama, askari wa Kusini waliowakabili, walikuwa hoi: mwendo mrefu juani, kisha waliotumwa kuchota maji wakatekwa. Hilo wengi hulisahau, sifa zote wanampa yeye.

Ujenerali alipewa na Grant, mkuu wa majeshi ya Kaskazini, Juni 1864 huko Petersburg, Virginia, baada ya risasi kumpasua nyonga na madaktari kumkatia tamaa. Nishani ya Heshima, tuzo ya juu kabisa ya kijeshi Marekani, ilikuja 1893, miaka 30 nzima baada ya Gettysburg! Kabla ya vita alikuwa mwalimu tu chuoni Bowdoin.