Mnaoanza kutoa dawa dirishani, muwe makini na "kila saa nane"

Wadogo zangu mlioripoti famasi juzi juzi, dozi mnazijua vizuri, hilo sina wasiwasi nalo, ila mgonjwa akitoka pale dirishani anaenda kufuata maneno uliyomwambia basi, kwa hiyo yawe maneno yasiyoweza kueleweka vingine.

Chukulia amoxicillin. Umeandika 1x3, yaani kimoja mara tatu kwa siku, kwenye bahasha halafu unamwambia mama wa watu "meza kila saa nane". Wewe umemaanisha kila baada ya masaa 8, yeye saa nane anayoijua ni ile ya mchana, kwa hiyo atameza kimoja tu kwa siku na atakuwa amekutii kabisa. Hata "kutwa mara tatu" wengi wanamaliza zote kabla jua halijazama, usiku mzima mwili hauna kitu. Mi namtajia saa kabisa, saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku, na namwandikia hivyo hivyo.

Kwenye mseto, vile vidonge vya malaria, ndo hatari zaidi. Mtu mzima anameza 4 kwa mara moja, jumla 24 kwa siku 3, na dozi ya pili ni masaa 8 baada ya ya kwanza, baada ya hapo ndo inakuwa asubuhi na jioni. Sasa ukimwambia tu "vinne asubuhi vinne jioni" na amemeza vya kwanza saa 10 jioni, anajua ya jioni ndo hiyo imeisha, anasubiri kesho, wakati alitakiwa aamke saa 6 usiku ameze tena. Na usiishie kwenye "ule kwanza", sema ale chakula chenye mafuta au anywe maziwa, kwa sababu dawa hii inaingia mwilini vizuri ikikutana na mafuta, mtu akila ndizi moja kavu ataona kashakula.

Dawa za maji za watoto usiseme "kijiko" ukaacha hapo jamani. Cha chai ni ml 5, cha chakula ml 15, mara tatu yake! Mwonyeshe mstari kwenye kile kikombe cha kupimia, ashike mwenyewe, aweke kidole pale pale.

Vidonge vya clotrimazole vya ukeni tunaonea aibu kutamka, tunasema "kimoja usiku", dada wa watu anaenda kumeza. Mwite pembeni mwambie hiki hakimezwi, unakiingiza ukeni ukishajilaza.

Halafu acheni kuuliza "umeelewa?" Foleni ndefu, mtu kachoka, atajibu ndiyo tu, hasa wazee. Uliza "bibi, ukifika nyumbani leo unaanza na ipi, saa ngapi, ngapi?" Akikosea usirudie sentensi ile ile kwa sauti kubwa, tafuta maneno mengine, kisha muulize tena kabla hujamwita anayefuata.