Maswali na Majibu: Nani Kashika Mizani ya Kaboni?

Barua za safari hii nyingi ni za kaboni na nyuklia. Nimechagua zinazonipa nafasi ya kurudia neno ambalo wasomaji wa zamani wameshalizoea: kabla hujauliza bei, uliza nani anapima. Ukinunua mchele Kariakoo hukubali upimwe nyuma ya pazia. Kwenye kaboni watu wanakubali kila siku, na ndiyo maana naandika.

Hewa ni ya Mungu. Wazungu wanaiuzaje? (Tabata)

Swali hili limekuja tena, na sitalijibu mara nyingine. Hakuna anayeuza hewa. Kinachouzwa ni ruhusa ya kuchafua. Serikali inaweka kikomo cha tani za hewa ukaa kwa viwanda na mitambo ya umeme, inatoa vibali vinavyolingana na kikomo hicho, na kila mwaka inakishusha. Aliyepunguza moshi anabaki na vibali vya ziada na kumuuzia aliyeshindwa.

Soko la Umoja wa Ulaya lilianza 2005, na lilianza vibaya. Vibali vingi viligawiwa bure na kwa makadirio, kabla ya kuwapo hesabu za uhakika za moshi wa kila kiwanda. Vikazidi moshi wenyewe. Kufikia 2007 bei ilikuwa imeanguka hadi karibu na sifuri. Baadaye kikomo kikabanwa, wakaguzi wakapewa meno, na Februari 2023 kibali cha tani moja kikavuka yuro 100 kwa mara ya kwanza. Moshi wa sekta zinazobanwa na mfumo huo umepungua kwa karibu nusu tangu 2005. Australia nao waliweka bei ya kaboni Julai 2012, dola zao 23 kwa tani. Tony Abbott akawa waziri mkuu akiahidi kuifuta, na Julai 2014 ikafutwa. Bunge moja linajenga, linalofuata linabomoa.

Mimi ni mwanafunzi. Naona Tanzania tunafanya biashara ya kaboni. Je, tupo kwenye mfumo kama wa Ulaya? (Sinza)

Hapana, na walimu wenu wawafundishe tofauti hii kabla ya kuwafundisha jambo lingine lolote la tabianchi. Ulaya wanauziana vibali chini ya kikomo. Sisi hatujaviwekea viwanda vyetu kikomo cha namna hiyo. Tunauza krediti. Tuna kanuni za 2022 chini ya Sheria ya Mazingira, na tuna kituo cha taifa cha kaboni pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Hiyo ni hatua nzuri. Lakini kibali na krediti ni vitu viwili.

Kibali kinahesabu moshi uliotoka, na moshi wa bomba la kiwanda unapimika. Krediti inahesabu moshi ambao haukutoka: "kama isingekuwa mradi wetu, msitu huu ungekatwa." Hilo "kama isingekuwa" halipimwi kwa chombo chochote. Linakadiriwa, na mara nyingi anayekadiria ndiye anayelipwa.

Chini ya Itifaki ya Kyoto, mkataba wa kimataifa wa kupunguza gesijoto, kulikuwa na viwanda vya kemikali, hasa China na India, vilivyotengeneza gesi ya majokofu. Katika kuitengeneza vilitoa gesi nyingine, HFC-23, yenye kuleta joto maelfu ya mara kuliko hewa ukaa. Vikalipwa krediti kwa kuiteketeza. Kuiteketeza kulikuwa rahisi mno na krediti zilikuwa na bei nzuri, hivyo vingine vikawa na sababu ya kuzalisha zaidi ili viteketeze zaidi. Ulaya ilizikataa krediti hizo mwaka 2013, baada ya fedha nyingi kwishakwenda. Andika kisa hicho kwenye daftari lako. Kila mradi wa krediti utakaousikia, uliza kama nao una mlango wa namna hiyo.

Shikamoo. Mimi ni mama lishe. Kuna vijana wamepita wakigawa majiko banifu kwa bei ya kutupa, wakachukua namba yangu ya simu na picha ya jiko la zamani. Kuna ubaya? (Tandale)

Marahaba, dada. Jiko lichukue, hasa kama kweli linapunguza mkaa. Ila ujue bei imekuwa ya kutupa kwa sababu kuna mtu ataliuza jiko hilo mara ya pili, safari hii kama krediti za kaboni. Ile picha na namba ya simu ni ushahidi wake kwamba umeacha kupikia lile la zamani.

Je, umeliacha? Najua jibu. Sufuria la maharage liko kwenye jiko la mkaa tangu alfajiri, chai iko kwenye jipya, na siku ya wateja wengi yanawaka yote mawili. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha matokeo mwaka 2024 wakionyesha kwamba miradi ya majiko waliyoichunguza ilikuwa imehesabiwa krediti zaidi ya mara tisa ya inavyostahili. Sababu mojawapo ndiyo hiyo ya majiko mawili. Wakikupigia kuuliza, waambie ukweli wa jiko lako. Usitishwe kwamba watakunyang'anya.

Afrika hatuchangii hata asilimia 4 ya gesijoto. Kwa nini tusumbuliwe na mambo haya? (wasomaji sita tofauti)

Asilimia hiyo ni sahihi na inawapa haki ya kudai fidia. Haiwapi kinga. Desemba 2011 watu zaidi ya 40 walikufa kwa mafuriko hapa Dar, na familia za bonde la Msimbazi zikahamishiwa Mabwepande. Aprili 2024 maji yalirudi. Tafadhalini, mseme kitu kingine zaidi ya asilimia 4.

Tuna urani Namtumbo. Kwa nini tunahangaika na mgao badala ya kujenga kinu cha nyuklia? (Mbagala)

Hapa nitakaa kidogo, maana swali hili lina makosa matatu ndani yake na wanasiasa wanayapenda yote.

Kwanza, kuwa na urani si kuwa na umeme. Kinachotoka kwenye mgodi kama wa Mto Mkuju, huko Namtumbo, ni unga wanaouita keki ya njano. Unga huo lazima ugeuzwe kuwa gesi, urutubishwe, kisha ufinyangwe kuwa fueli, na kazi hiyo inafanywa na nchi chache tu duniani. Pamba ya Shinyanga inasafirishwa na kurudi Kariakoo ikiwa shati. Urani itafuata njia hiyohiyo. Hata kama tungepewa fueli kwa bei ya chini, si hiyo fueli inayofanya nyuklia iwe ghali. Gharama kubwa ni ujenzi na riba ya mkopo wa miaka mingi. Tusisahau pia kwamba ili mgodi huo uwezekane, mpaka wa Selous kama urithi wa dunia ulibadilishwa mwaka 2012. Tumeshalipa kitu tayari.

Pili, tatizo letu la leo si uchache wa mitambo. Bwawa la Julius Nyerere lina mashine tisa za megawati 235 kila moja, jumla megawati 2,115, na limekamilika 2025. Kwa jumla gridi ina uwezo wa kama megawati 4,000, wakati matumizi ya juu kabisa ni karibu nusu yake. Bado taa zinazimika Mbagala. Mwaka 2025 serikali ilieleza kwamba itanunua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa kuwa unaosafiri kutoka huku unapotea mwingi njiani. Watu walikasirika. Mimi nilifurahi kwamba hatimaye limesemwa hadharani: tuna ugonjwa wa nyaya, transfoma na vituo vya kupozea umeme. Kinu cha nyuklia hakitibu ugonjwa huo.

Tatu, ukubwa. Kanuni ya wahandisi ni kwamba mtambo mmoja usizidi kama asilimia 10 ya gridi, ili ukizimika ghafla usiiangushe yote. Kwetu hiyo ni megawati 400. Vinu vinavyouzwa sana ni vya megawati 1,000 na zaidi. Mtaambiwa habari za vinu vidogo. Vinavyozalisha umeme leo vinahesabika kwa vidole, kikiwamo kile cha Warusi kinachoelea baharini, kilichoanza uzalishaji wa kibiashara 2020. Vingi vya vingine viko kwenye michoro na vipeperushi.

Kuhusu muda: Olkiluoto 3 ya Finland ilianza kujengwa 2005 ili iwashwe 2009, ikaanza uzalishaji wa kawaida 2023. Flamanville 3 ya Ufaransa ilianza 2007, ikaunganishwa na gridi Desemba 2024. Na hao ni watu wenye uzoefu wa miongo mingi. Falme za Kiarabu walifanya vizuri zaidi pale Barakah, vinu vinne kati ya 2012 na 2024, lakini walikuwa na fedha taslimu na walijenga kwanza mamlaka yao ya kusimamia usalama wa nyuklia.

Sisemi tusifikirie kamwe. Shirika la kimataifa la atomiki lina orodha ya mambo 19 ambayo nchi inapaswa kuyaandaa, kuanzia sheria hadi taka. Sisi tuna Tume ya Nguvu za Atomiki pale Arusha. Ipeni wataalamu na uhuru wa kusema hapana, na baada ya hapo nitakaa kuzungumza habari za kinu. Benki ya Dunia iliondoa marufuku yake ya kukopesha kwa ajili ya nyuklia Juni 2025. Kwa hiyo mawakala watakuja, na watakuja na mikopo mkononi.

Nyuklia ni safi au si safi? Jibu kwa neno moja. (Kigamboni)

Kwa kaboni, safi: jopo la wanasayansi la Umoja wa Mataifa liliiweka mwaka 2014 kwenye kama gramu 12 kwa uniti, sawa na upepo, wakati makaa ya mawe ni 820 na gesi, kama hii ya Kinyerezi, kama 490.

Wajerumani walikosea kufunga vinu vyao? (Mikocheni)

Naona walikosea mpangilio. Vitatu vya mwisho vilizimwa tarehe 15 Aprili 2023, huku sheria yao ikiruhusu makaa ya mawe hadi 2038. Mwenye kuogopa joto la dunia angeanza na makaa. Lakini msiwachore kama wapumbavu. Uamuzi ule una mizizi ya tangu ajali ya kinu cha Chernobyl 1986, Kansela Merkel alivirefushia vinu umri mwaka 2010 na kugeuka baada ya ajali ya Fukushima, Japani, 2011, na mwaka 2023 zaidi ya nusu ya umeme walioutumia ulitoka kwenye upepo, jua na vyanzo jadidifu vingine.

Kuna jambo wabishi wa pande zote mbili hulisahau. Ujerumani iko chini ya kikomo cha Ulaya. Ukizima kinu na kuwasha makaa, mwenye makaa lazima anunue vibali, bei inapanda, na mwingine huko Poland au Hispania anapunguza. Kikomo kikiwa cha kweli, jumla haivuki. Ndiyo maana nasema kikomo kina thamani kuliko mabishano ya teknolojia ipi nzuri.

Sisi wa Uyombo tumekataa kinu. Nyinyi wa Dar mnatuona tunapinga maendeleo? (Kilifi, Kenya)

Mimi siwaoni hivyo. Mna mikoko, mna uvuvi, na msitu wa Arabuko Sokoke uko jirani. Anayetaka kuweka kinu mahali pa namna hiyo aanze kwa kukaa na wavuvi, si kwa kuja na askari. Ila na nyinyi msitumie picha za Chernobyl kama hoja. Hoja ya samaki na ardhi inatosha, na ni ya kwenu.

Ushuru wa kaboni wa mpakani wa Ulaya utatuumiza? (Masaki)

Huo ni ushuru wa bidhaa zinazoingia Ulaya, kulingana na moshi uliotoka kuzitengeneza. Kwa sasa kidogo, maana unagusa saruji, chuma, alumini, mbolea, haidrojeni na umeme, na hayo hatuwauzii kwa wingi. Wa kuhofu ni wenye kuwauzia alumini kwa wingi, kama Msumbiji walivyofanya kwa miaka. Mwenye ndoto ya kiwanda cha mbolea cha gesi ya Mtwara kwa soko la Ulaya afanye hesabu leo.

Nafanya kazi Gongo la Mboto, kwetu ni Liwale. Kampuni imekuja kijijini na mkataba wa kaboni wa miaka 30. Mwenyekiti anasema tusaini haraka kabla hawajaenda kijiji jirani. (Gongo la Mboto)

Anayekuharakisha kusaini miaka 30 hakutakii mema, hata kama ni mjomba wako.

Sipingi miradi hii. Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vijiji vya Ntakata vimepata fedha za msitu na kujenga madarasa na zahanati. Watu wanaziona. Kilichowasaidia ni kwamba ardhi ni ya kijiji, mipaka imepimwa na mpango wa matumizi umepita kwenye mkutano. Upande wa pili, mwaka 2023 kampuni moja ya Dubai ilitangaza makubaliano ya awali ya hekta milioni 8 za misitu yetu. Hilo ni eneo linalozidi mkoa wa Tabora. Mwaka huohuo kampuni ya Uswisi iliyokuwa ikiuza krediti za msitu wa Kariba, Zimbabwe, ilijitoa baada ya tuhuma kwamba krediti zilizidi msitu uliookolewa. Wanakijiji wa Kariba hawakuulizwa walipohesabiwa kupita kiasi, wala walipoachwa.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 haimpi mwenyekiti ardhi yenu. Itisheni Mkutano Mkuu wa Kijiji, na mkataba usomwe wote kwa Kiswahili, kwa sauti. Ulizeni krediti itauzwa kwa nani na bei gani, na kijiji kitaionaje hati ya mauzo. Jueni gharama za "uendeshaji" zinakatwa kabla au baada ya mgawo wenu. Ulizeni mtaruhusiwa kuokota kuni, kurina asali na kuchunga wakati wa kiangazi. Moto ukipita mwaka wa tano, nani anadaiwa? Kampuni ikiuzwa kwa mwingine, mnaruhusiwa kukataa? Na nani anapima msitu, analipwa na nani, na kijana gani wa kijiji atafundishwa kupima pamoja naye?

Wakijibu yote hayo kwa maandishi, kijiji jirani kitasubiri.

Naweza kukutumia mkataba wenyewe? (huyohuyo wa Gongo la Mboto, barua ya pili)

Tuma. Futa majina na sahihi kwanza, lakini nataka kurasa zote pamoja na viambatisho. Huko nyuma ndiko wanakoandika nani anapima.