Kipimo cha IHDS kinaonesha demensia, modeli inasema asilimia 16

Swali: Mimi ni tabibu katika kliniki ya watu wanaoishi na VVU. Mgonjwa wangu wa miaka 52 amepata alama 9 kati ya 12 katika IHDS, kipimo kifupi cha kuchunguza demensia (kudhoofika kwa kumbukumbu na akili) kwa wenye VVU, ambacho huhesabu alama 10 au pungufu kuwa dalili ya demensia. Programu tunayoijaribu, yenye modeli ya kukadiria uwezekano wa demensia, inampa asilimia 16 tu. Je, imekosea?

Jibu: Haijakosea, wala haipingani na kipimo chako. Katika utafiti wa mwaka 2005 uliofanyika Marekani na Uganda, IHDS kiliwabaini asilimia 80 ya wenye demensia, lakini kwa upande wa Uganda kiliwaondolea shaka asilimia 55 tu ya wasiokuwa nayo. Chukua wagonjwa 1,000 ambao 100 kati yao wana demensia: kipimo kitawanasa 80, na pamoja nao watu 405 wasio na ugonjwa huo. Themanini kati ya 485 ni kama asilimia 16. Wenye demensia wangekuwa 400, hesabu hiyohiyo, iitwayo kanuni ya Bayes, ingetoa asilimia 54. Kwa hiyo waulize waliotengeneza programu uwezekano wa awali, yaani sehemu ya wenye demensia kabla ya kipimo, waliupata kwa wagonjwa gani: waliokuja kuchukua dawa tu, au waliokwisha kulalamika kwamba wanasahau?

Modeli iliyokamilika zaidi huunganisha pia umri, elimu, kiwango cha chini kabisa cha CD4 (seli za kinga) ambacho mgonjwa amewahi kufikia, wingi wa virusi na sonona (ugonjwa wa huzuni nzito). Mgonjwa anapogonganisha kidole gumba na cha shahada polepole katika sehemu ya kipimo ya sekunde 5, huenda ni demensia, na huenda ni sonona; modeli ikishajua kwamba ana sonona, uzito wa vidole hivyo vizito kama ushahidi wa demensia hupungua. Inaniumiza kukuta sehemu ya sonona katika programu imeachwa bila kujazwa, maana huo ni ugonjwa unaotibika.

Basi mpime sonona, hakikisha hana homa ya uti wa mgongo ya fangasi wala toksoplazma (maambukizi ya kimelea) ya ubongo, kisha muulize ndugu anayeishi naye kama mgonjwa bado anazikumbuka dawa zake na kuzimudu hesabu za fedha. Vigezo vya mwaka 2007 vya demensia itokanayo na VVU vinadai shughuli za kila siku ziwe zimeathirika sana, na hilo IHDS hakiliulizi kabisa. Ikiwa programu ina nafasi ya majibu hayo, yaingize, ndipo uisome asilimia upya.