Jibu: Kwa nini neno "water" ni nomino hapa na kitenzi pale?

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini kamusi inaliweka neno "water" katika aina mbili za maneno, nawe ulifundishwa kwamba ni nomino. Kamusi haijakosea. Sarufi ya kimapokeo ya Kiingereza hutaja aina nane: nomino, kiwakilishi, kitenzi, kivumishi, kielezi, kihusishi, kiunganishi na kihisishi, lakini aina ya neno hujulikana kwa kazi linayoifanya ndani ya sentensi, si kwa sura yake.

Katika "I drink water", neno hilo linataja kitu kinachonywewa, kwa hiyo ni nomino, ilhali katika "I water the flowers" linafuata mtenda na kutaja tendo lake, yaani kumwagilia maua, kwa hiyo ni kitenzi. Sisi hutatizika kwa sababu Kiswahili hutuonyesha aina waziwazi kwa viambishi: ukisikia "ninamwagilia", hakuna atakayedhani ni nomino. Kiingereza kina viambishi vichache, hivyo mpangilio wa maneno ndio hubeba mzigo huo.

Vivyo hivyo, "fast" ni kivumishi katika "a fast car" na kielezi katika "he runs fast". Usitegemee sana kiishio "-ly" kutambua vielezi (wengi hukwama hapo), kwani "friendly" ni kivumishi. Kabla ya kufungua kamusi, tazama kwanza neno limekaa wapi na linahusiana na lipi.