Mpaka umefungwa, mjukuu yuko ng'ambo

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni msomaji wako wa Kigoma, Muha. Shangazi yangu aliolewa Ngozi, Burundi, na binti yake naye akaolewa Huye, Rwanda, mwaka 2023. Shangazi alikuwa anapanda gari asubuhi, mchana yuko kwa mwanawe. Januari 2024 mpaka ukafungwa. Binti akajifungua mwaka huohuo, na bibi hakumpakata mjukuu. Nchi zenyewe ndogo, lugha karibu moja, zote zimo kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kwa nini zinafungiana? Na kwa nini Jumuiya haiziamuru zifungue?
Binti wa Kigoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, nikaiweka kando nikatoka nje kidogo, maana imenigusa. Mimi ni Mhangaza wa Ngara. Wanangu nimewasomesha kwa kazi ya uwakala wa forodha, kwanza Rusumo upande wa Rwanda, baadaye Kabanga upande wa Burundi. Sokoni kwetu Mhangaza, Mrundi na Mnyarwanda wanapatana bei bila mkalimani, na wewe Muha ukija hutapotea.

Nianze na sababu iliyotangazwa. Tarehe 22 Desemba 2023 waasi wa RED-Tabara walishambulia Vugizo, magharibi mwa Burundi, karibu na mpaka wa Kongo. Serikali ya Burundi ikasema watu 20 wameuawa, wengi wao raia. Rais Évariste Ndayishimiye akaituhumu Rwanda kwamba ndiyo inayowalea waasi hao. Rwanda ikakana. Tarehe 11 Januari 2024 Burundi ikafunga mpaka wake na Rwanda.

Ila tumeshayaona haya. Mpaka huohuo ulivurugika baada ya machafuko ya Burundi ya 2015, usitulie hadi 2022. Na Rwanda nayo ilipogombana na Uganda, Gatuna, kituo cha mpaka wao, ilifungwa mwishoni mwa Februari 2019, ikaja kufunguliwa tarehe 31 Januari 2022. Safari ile mlalamikaji alikuwa Rwanda: Uganda inawahifadhi wapinzani wangu na kuwakamata raia wangu. Uganda ikajibu kwamba inapelelezwa. Ukizisikiliza kesi zote hizi, shitaka ni lilelile: aliyenikimbia analala kwako, na usiku unamnolea panga.

Mwanangu, hofu hiyo haikuzuka hewani. Mwaka 1959 Watutsi wengi walikimbia Rwanda, wakaingia Burundi, Uganda, Kongo na huku kwetu. Desemba 1963 baadhi yao walivuka kutoka Burundi na silaha, wakaingia Bugesera. Serikali ya Kigali ikajibu kwa kuua Watutsi waliobaki ndani, ambao hawakuwa wamevuka mpaka wowote. Mwaka 1972 zamu ikawa ya Wahutu wa Burundi, waliouawa, kwa makadirio mengi, laki moja au zaidi. Walionusurika ndio waliojenga makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo huku kwetu, unawajua. Tarehe 1 Oktoba 1990 watoto wa wakimbizi wa 1959 walirudi Rwanda kutokea Uganda wakiwa jeshi. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye aliuawa Burundi, na Warundi wakamiminika Rwanda. Tarehe 6 Aprili 1994 ndege iliyowabeba Juvénal Habyarimana na Cyprien Ntaryamira, marais wa nchi hizi mbili, ilitunguliwa Kigali. Walikuwa wanatoka mkutanoni Dar es Salaam. Mauaji ya kimbari ya Watutsi yakaanza Rwanda.

Tarehe 28 Aprili mwaka ule nilikuwa Rusumo. Watu wanapenda kutaja idadi, robo milioni ndani ya saa 24, na idadi ni hiyo. Mimi nilichobaki nacho ni mlio wa miguu darajani. Umati mkubwa kiasi kile ulipaswa kuwa na kelele, lakini watu hawakusema. Miguu tu, na watoto wakikohoa. Mwanzoni mwa daraja palikuwa na rundo la mapanga na marungu waliyoambiwa wayaache, na rundo lilikuwa linakua. Chini, mto Kagera ulikuwa unashusha maiti. Mama aliyekuwa mbele yangu alimfunika mwanawe macho kwa kiganja mpaka wakamaliza daraja. Katika umati ule walikuwamo waliokimbia kuuawa na waliokuwa wametoka kuua, na kwa sura usingewatofautisha. Wote wakaenda kambi ya Benaco, hapa Ngara, wakapewa mahindi na maturubai.

Ndiyo maana mtawala wa Kigali akisikia kuna kambi au kundi upande wa pili wa mpaka, hasikii habari ya wakimbizi peke yake. Na mtawala wa Burundi ana yake. Mei 13, 2015, Rais Pierre Nkurunziza akiwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa viongozi wa Jumuiya, majenerali walitangaza kumpindua. Jaribio likashindwa, baadhi ya wahusika wakakimbilia Rwanda, na Burundi imekuwa ikidai wakabidhiwe. Toka hapo Nkurunziza hakutoka nje ya nchi yake hadi Julai 2017, alipokuja hapa Ngara kuonana na Rais Magufuli. Nilisimama juani na wenzangu kumtazama. Zaidi ya miaka miwili rais hajavuka mpaka, na alipovuka alikuja mahali ambapo angeweza kurudi kwake kabla ya giza.

Hofu hiyo naielewa. Dawa yake ndiyo nisiyoikubali. Walioshambulia Vugizo hawakupanga foleni Akanyaru, kituo cha mpaka wa Burundi na Rwanda, wakagongewa muhuri. Aliyekuwa akipanga foleni ni shangazi yako. Ni mama wa Kirundi mwenye ndagala za Ziwa Tanganyika, ni kijana anayesoma Huye, ni fundi mwenye msumeno wake begani. Mwenye bunduki ana njia zake porini. Mpaka ukifungwa, unawafungia wenye vitambulisho. Mwaka mzima wa 2024 ulipita hivyo.

Kuhusu Jumuiya, mwanangu, usiitarajie iamuru. Wakuu wa nchi huamua kwa maafikiano, wote wakubaliane. Sasa nchi iliyofunga mpaka nayo ina kiti mezani. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kazi Julai 2010, inaruhusu watu kwenda na kurudi kwa uhuru, lakini inaiachia nchi nafasi ya kuweka mipaka kwa sababu za usalama, mradi iwaarifu wenzake. Mlango huo ndio wanaopitia. Tazama Gatuna ilivyofunguliwa. Agosti 2019 Rais Museveni wa Uganda na Rais Kagame wa Rwanda walitia saini makubaliano Luanda, mbele ya marais wa Angola na Kongo, na bado lori halikupita. Januari 2022 Muhoozi Kainerugaba, jenerali na mtoto wa Museveni, alikwenda Kigali kuonana na Kagame. Siku chache baadaye mpaka ukafunguliwa. Lililoshindikana kwa saini likawezekana kwa watu wawili kukaa chumba kimoja. Linanisikitisha, kwa sababu wenye mizigo midogo hawana mtoto wa rais wa kuwatuma.

Kuna jambo moja lililonipa moyo, nalo liko palepale Rusumo. Pembeni ya maporomoko umejengwa mtambo wa umeme wa megawati 80, mali ya Tanzania, Rwanda na Burundi, nao wanagawana sawa kwa sawa. Laini moja inakwenda Gitega, nyingine Rwanda, nyingine Nyakanazi huku Tanzania. Miezi ileile shangazi yako alipozuiwa Akanyaru, maji ya Kagera yaliendelea kuwasha taa Burundi na Rwanda. Wahandisi wa nchi hizi mbili wanafanya kazi pamoja. Kumbe wakitaka wanaweza.

Sasa la shangazi. Mama wa Ngozi na binti wa Huye wamekuwa wakikutana huku kwetu, kwa kuzunguka. Mwaka jana Kabanga nilimwona mama mmoja kutoka Muyinga, amevaa vitenge viwili vipya vyenye gundi ya dukani bado. Mikononi alikuwa na igiseke, kile kikapu chenye mfuniko uliochongoka, na hakukubali kukiweka chini hata alipokuwa anasaini. Ndani mlikuwa na ndagala na unga wa uji wa mzazi. Alikuwa anakwenda Kirehe, Rwanda, kwa binti yake, kupitia Kabanga kisha Rusumo, nchi tatu ili afike kwa mtu ambaye awali alimfikia kwa gari moja. Karani alipomuuliza madhumuni ya safari alijibu kwa Kirundi, "Umwuzukuru," mjukuu. Karani akaandika "ziara."

Mwambie shangazi njia ni hiyo: Ngozi, Muyinga, Kobero, Kabanga, halafu Ngara hadi Rusumo. Awe na hati yake ya safari, si kitambulisho peke yake, maana anapita Tanzania. Achukue na kadi ya njano ya chanjo. Asibadilishe faranga kwa vijana wa getini kabla hajauliza bei kwa watu wawili. Kama binti naye anaweza kutoka Huye na mtoto, nashauri wakutane Ngara, kila mmoja avuke mpaka mmoja tu, na mtoto atakuwa amepunguziwa mpaka mmoja. Wafike siku ya kazi, kabla ya saa nane, wasije wakalala kituoni.

SWALI: Mama, ni kweli Rwanda na Burundi zilikuwa nchi moja? Kwa nini zisiungane tena?
Msomaji wa Tabora

JIBU: Hapana, zilikuwa falme mbili, kila moja na mwami wake, na zilipigana. Mjerumani aliziweka chini ya koloni moja na Tanganyika. Mbelgiji alizikuta hivyo mwaka 1916, akaziita Ruanda-Urundi na kuzitawala kutoka Usumbura, Bujumbura ya leo. Waingereza nao walikata vipande: Gisaka waliichukua, wakairudisha Rwanda mwaka 1924, lakini Bugufi, kwetu, haikurudi Burundi. Ndiyo maana mimi ni Mtanzania.

Uhuru ulipokaribia Umoja wa Mataifa ulitamani zibaki pamoja. Hazikutaka. Rwanda ilishakuwa jamhuri iliyomfukuza mwami, Burundi ilikuwa na mwami wake bado. Zikapata uhuru siku moja, 1 Julai 1962, kila moja kivyake. Kilichobaki pamoja kilikuwa forodha na fedha, na hivyo navyo vikavunjika ilipofika 1964.

Baba yangu aliuza kahawa ng'ambo enzi hizo na kulipwa faranga. Mama alifunga noti moja ya faranga 20 kwenye pindo la khanga akaisahau, nami nikaikuta alipofariki. Imechanika kona, lakini jina la benki linasomeka, na majina ya nchi zote mbili yamo, Rwanda na Burundi, kwenye mstari mmoja.