Mkweche na ushuru: maswali yenu ya mwezi huu

Barua za mwezi huu, kutoka Malindi hadi Amu (Lamu), zina kilio kimoja: gari ni lile lile, njia ni ile ile, lakini pesa za kulitembeza zimepanda. Wengi walioandika wana magari yaliyozeeka, na wanashuku kwamba serikali inawawinda wao hasa. Maswali yaliyofanana nimeyaunganisha.

Shikamoo fundi. Niliambiwa kuna ushuru wa asilimia 2.5 ya bei ya gari kila mwaka. Langu nilinunua 180,000, na jirani anasema malimbikizo yananingoja. Kweli?
*Mama mwenye duka, Barani, Malindi*

Marahaba mama. Hudaiwi hata senti. Pendekezo hilo lilikuwa ndani ya Muswada wa Fedha wa 2024, na pesa zingekatwa wakati wa kulipia bima. Liliondolewa Juni mwaka huo kabla ya kura ya mwisho, kisha muswada wote ukakosa saini ya Rais baada ya maandamano ya tarehe 25. Muswada wa 2025 haukulirudisha.

Ila hesabu yake usiisahau, maana mapendekezo ya ushuru yana tabia ya kufufuka. Kiwango cha chini kilikuwa shilingi 5,000 na cha juu 100,000. Asilimia 2.5 ya gari lako ni 4,500, lakini ungetozwa 5,000. Mwenye gari la milioni 12 hesabu ingemfikisha 300,000, akaishia kulipa 100,000. Wewe ungetoa karibu asilimia 2.8 ya thamani ya gari lako, yeye hata asilimia moja haifiki. Aliyeiandika hakuwa na mkweche nyumbani kwake.

Nina Peugeot 504 niliyoachiwa na marehemu baba. Sijawahi kuletewa barua ya ushuru wa gari, lakini naona wazi kuwa nalipa. Nakatwa wapi?
*Mkulima, Mpeketoni*

Unakatwa kwenye pampu, ndugu yangu. Gari la mtu binafsi hapa Kenya halina ushuru wa barabara wa kila mwaka. Barabara tunalipia kwa lita. Tozo ya ukarabati wa barabara ilikuwa shilingi 9 kwa lita, ikawa 12 mwaka 2015, 18 mwaka 2016, na tangu Julai 2024 ni 25. Kabla ya hapo, Julai 2023, VAT ya mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Kwenye petroli ongeza ushuru wa bidhaa wa karibu shilingi 22 na tozo ya maendeleo ya petroli ya 5.40. Yote hayo yamo ndani ya bei ambayo EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, hutangaza kila tarehe 14 ya mwezi, ndiyo maana huyaoni.

Sasa chukua tozo ya barabara peke yake. Tuseme 504 yako ikibeba mahindi inakwenda kilomita 8 kwa lita, na jirani yako mwenye Toyota Probox anakwenda 16. Nyote mkitembea kilomita 12,000 kwa mwaka, wewe umechoma lita 1,500, yeye 750. Wewe umelipia barabara shilingi 37,500, yeye 18,750, na barabara ni hiyo hiyo ya Mpeketoni. Hakuna karani aliyekuuliza gari lako lina miaka mingapi. Tangi limekuuliza.

Kwa hiyo ukitaka kupunguza ushuru, anza kwenye injini. Fungua plagi moja uitazame mdomo. Ikiwa ya kahawia iliyofifia, mambo mazuri. Ikiwa nyeusi kama sufuria ya kuni, imejaa masizi makavu, kabureta inamwaga petroli kupita kiasi au eaklina, yaani kichujio cha hewa, imeziba vumbi. Vumbi la huko kwenu nalijua. Eaklina ya karatasi ukiipiga ukutani mara mbili tatu haijawa mpya, inunue nyingine. Kisha inua gurudumu moja moja ulizungushe kwa mkono. Likikwama, breki inashika, na hapo unachoma mafuta ya kusukuma gari na mafuta ya kulizuia. Mwisho pima upepo wa tairi asubuhi, kabla hazijapata moto. Kazi zote hizi fundi mwaminifu atakumalizia asubuhi moja.

Matatu yangu ya abiria 14 ni kuukuu, ya mwenzangu ni mpya. Tunalipa sawa ule ushuru wa kulipia mapema. Hii ni haki?
*Mwenye gari, njia ya Malindi–Mambrui*

Haki sijui, sheria ndiyo hiyo. Tangu 1 Januari 2024 ni shilingi 100 kwa kila nafasi ya abiria kwa mwezi, kutoka 60. Viti 14 ni 16,800 kwa mwaka badala ya 10,080. Umri hauhesabiwi. Ninalotaka kukwambia ni jingine: pesa hizo si za kupotea. Ni sehemu ya kodi yako ya mapato iliyotangulizwa, nazo hupunguzwa ukijaza fomu zako za KRA, mamlaka ya ushuru. Je, wewe huzidai? Wenye matatu wengi ninaowajua hulipa, hutupa risiti kwenye dashibodi, kisha hulipa tena.

Nimechoka na gereji. Nataka kuuza hili niagize la Japani. Nitaokoa?
*Mwalimu, Shella, Malindi*

Mwalimu, chukua kalamu. Tuseme KRA imelithamini gari la injini isiyozidi cc 1,500 kwa shilingi 500,000. Ushuru wa forodha, uliopanda kutoka asilimia 25 hadi 35 mwaka 2023, ni 175,000. Jumla 675,000, ushuru wa bidhaa wa asilimia 20 juu yake ni 135,000. Jumla 810,000, VAT ni 129,600. Bado ada ya tamko la uagizaji, asilimia 2.5, yaani 12,500, na tozo ya reli, asilimia 2, yaani 10,000. Ushuru peke yake umefika 462,100. Angalia vizuri: ushuru wa bidhaa umekaa juu ya ule wa forodha, na VAT juu ya yote mawili. Na kumbuka KRA hutumia thamani yake yenyewe, si risiti ya aliyekuuzia.

Laki nne na nusu ni gereji ya miaka mingi. Kama injini ya gari lako ni nzima na bodi haijaoza, ningelitengeneza. Kama bodi imeoza, soma jibu linalofuata kwanza.

Fundi wa bodi ameniziba kutu mara mbili, na imerudi. Ana njama?
*Dereva, karibu na ufuo, Malindi*

Huenda ana njama, lakini mshukiwa wa kwanza ni bahari. Msimu wa kusi upepo unaleta mvuke wa chumvi hadi ndani ya mvungu wa gari. Waendao Gongoni, kwenye viwanda vya chumvi, wanajua zaidi. Na kuna kosa tunalolifanya wenyewe: tunaosha gari kwa maji ya kisima yenye chumvi, tunafuta juu, linang'aa, na chini tumelimwagia kile kile tulichokuwa tunakiondoa. Tumia maji ya mfereji, hayo yanayotoka Baricho, na mpira uelekeze ndani ya madgadi, pale mchanga unapojibana.

Kabla hujampa mtu pesa, chuchumaa ubavuni mwa gari na mpini wa bisibisi. Gonga chuma cha chini ya milango, kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Chuma kizima kina mlio mkali. Ukifika mahali mlio ukafa, umefika penye plasta. Pitisha sumaku hapo: ikidondoka, chuma hakipo, ni filla na rangi. Aliyekuziba kwa filla bila kukata kutu na kuchomelea bati jipya alikuuzia miezi sita.

Kuhusu kupuliza oili chafu chini ya gari, mimi siipendi. Inazuia kutu kwa muda, kweli, lakini inalainisha mipira ya bushi mpaka inamong'onyoka, na gari linadondosha uchafu kwenye ua wa watu.

Jambo hili lina uzito kuliko sura ya gari. Sheria ya Trafiki inataka gari lililopita miaka 4 tangu kuundwa likaguliwe. Matatu zinakaguliwa kila mwaka. Kwa magari binafsi kifungu hicho kimelala, lakini rasimu za kanuni za kukiamsha zimeshaandikwa. Siku ikifika, plagi utabadilisha mlangoni mwa ukaguzi. Chasisi iliyotoboka hutaibadilisha.

Mpwa wangu yuko London, ana dizeli ya 2008 anayotozwa kila siku akitoka nayo. Anataka kutuletea Amu. Tuipokee?
*Ami yake, Lamu*

Msiipokee, ami, maana haitavuka bandari ya Kilindini. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8. Mwaka 2025, kwa mfano, mlango ulifunguliwa kwa yaliyosajiliwa kuanzia 2018 tu. Anachotozwa kule ni pauni 12.50 kwa siku, kwa ajili ya moshi, na tangu Agosti 2023 eneo hilo ni London yote. Dizeli nyingi za kabla ya 2015 zinanaswa. Kichekesho ni kwamba Uingereza hiyo hiyo husamehe ushuru wa barabara magari yaliyotimiza miaka 40. Amwambie dizeli yake ivumilie.

Naishi Amu mjini, gari langu hukaa Mokowe, upande wa bara, nalitumia safari moja kwa mwezi. Nilipe bima ya mwaka mzima?
*Mfanyabiashara, Langoni*

Si lazima. Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima gari likiwa barabarani, na kampuni nyingi huiuza kwa mwezi mmoja. Piga hesabu tu: bima ya mwezi mmoja mmoja ikijumlishwa hupita ya mwaka, kwa hiyo ukivuka miezi michache, na wewe unasafiri kila mwezi, kata ya mwaka.

Ukiliacha Mokowe, chomoa waya mmoja wa betri. Handibreki usiivute, kwa hewa ile brekishu zitashikana na ngoma, na utakuja kuita fundi kutoka ng'ambo. Liache kwenye gia, weka jiwe mbele ya gurudumu na jingine nyuma.